Makumi Mangapi Yamo Ndani ya 347? Mwongozo wa Kumfundisha Mtoto Kukaribisha Nambari

Msichana mmoja wa Gredi ya Nne aliniletea daftari lake la hesabu jioni moja. Swali lilimtaka aandike 342 kwa kumi lililo karibu. Alikuwa ameandika 330 badala ya 340. Nilipomuuliza amefikaje huko, alinijibu bila wasiwasi wowote: "Mwalimu, ulisema mbili ni ndogo, kwa hivyo tunashuka." Naye akashuka kweli. Aliishika ile nne ya katikati akaifanya tatu. Alikuwa amefuata maneno yangu yalivyo, na maneno hayo ndiyo yaliyompoteza.

Tangu siku hiyo sianzi tena na kanuni. Kile kiimbo cha "tano kwenda juu tunapanda, nne kwenda chini tunashuka" nakiweka mwisho kabisa, na watoto wengine hawakihitaji kamwe. Naanza na nafasi za tarakimu, kwa sababu mtoto anayejua kilichomo ndani ya nambari hahitaji kuambiwa apande au ashuke. Anaona mwenyewe inakoelekea.

Mwongozo huu ni wa mzazi, dada mkubwa, mjomba au mwalimu wa tuisheni anayekaa na mtoto jioni hapa Nairobi, pengine kwenye meza ileile inayoliwa chakula. Katika mtaala wa umilisi mtoto hukutana na jambo hili katika Gredi ya Nne kwa kuanzia na makumi, kisha mamia na maelfu yakafuata. Shuleni atalisikia kwa Kiingereza, na wengi wetu tunasema tu "raundi ofu". Mimi kwa Kiswahili napenda kusema kukaribisha, kwa maana mbili: tunaisogeza nambari karibu, na pia kuna jirani anayeipokea kama mgeni. Watoto hulishika neno hilo haraka.

Vitu vya kutafuta kwanza

Nunua pakiti kadhaa za vijiti vya meno. Tafuta raba bendi, zile nyembamba za kufungia noti. Weka kando mifuko mitupu ya unga, mitatu au zaidi. Uwe na kamba ya kuanikia nguo, vibanio vyake, na kadi zilizokatwa kutoka kwenye boksi la nafaka au jalada la daftari lililoisha. Kalamu ya wino mzito itasaidia, maana kadi inatakiwa isomeke kutoka hatua tatu.

Pesa nazo zitakuja, lakini si leo. Najua sarafu za shilingi moja na za kumi, noti za mia na za elfu, zinafuata nafasi za tarakimu vizuri sana. Tatizo ni kwamba noti ya mia huwezi kuifungua ukamwonyesha mtoto makumi yaliyomo ndani. Fungu la vijiti mia linafunguka. Ndiyo maana vijiti vinatangulia.

Hatua ya kwanza: jenga nambari, kisha uliza swali lisilozoeleka

Mwambie mtoto afunge vijiti kumi kumi kwa raba. Hii kazi ina uzito wake, usimfanyie. Mtoto akiwa ameshafunga mafungu thelathini kwa mikono yake, kumi si neno tena, ni kitu anachokijua kwa vidole. Mafungu kumi yakitimia, yaingie yote kwenye raba moja kubwa au kwenye mfuko wa unga. Hiyo ni mia.

Sasa ajenge 347. Mamia matatu, makumi manne, mamoja saba. Vipange mezani kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake aandike tarakimu zenyewe.

Halafu muulize: "Ndani ya 347 kuna makumi mangapi?"

Karibu kila mtoto atasema manne. Usimwambie amekosea, kwa sababu katika nafasi ya makumi kweli kuna nne. Chukua mfuko mmoja wa mia, umwage mezani, mafungu kumi yatoke. "Na haya je, si makumi?" Mwage wa pili. Mwage wa tatu. Ahesabu mafungu yote: thelathini na nne. Makumi thelathini na nne, na vijiti saba vilivyobaki peke yake.

Hapa ndipo somo lote lilipo, na ningeomba ukae hapa siku mbili au hata tatu kabla ya kusonga. Rudia na 258, na 613, na 405. Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu katika nafasi ya makumi kuna sifuri na mtoto atasema hakuna makumi yoyote, na bado mezani yapo arobaini. Mtoto akifika mahali unamtajia 729 naye anakujibu "makumi sabini na mawili, na mamoja tisa" bila kugusa vijiti, yuko tayari.

Kiswahili chetu chenyewe kinasaidia na pia kinaficha. Tunaposema "mia tatu" nafasi inasikika wazi. Lakini arobaini, hamsini, sitini na wenzake ni maneno yaliyotoka Kiarabu, na sikio la mtoto halisikii nne ndani ya arobaini. Kwa hivyo kwa wiki nzima, mkiwa kwenye hesabu, yasemeni yote mawili: "arobaini, makumi manne", "tisini, makumi tisa". Inachosha kidogo mwanzoni. Inalipa.

Hatua ya pili: kidole na majirani wawili

Andika 347 kwa tarakimu kubwa. Mtoto afunike saba kwa kidole chake.

"Umebaki na nini?"

"Thelathini na nne."

"Thelathini na nne nini?"

"Makumi."

Swali hilo la "nini" usiliruke hata siku moja. Mtoto anayesema "makumi thelathini na nne" hataandika jibu 34 au 35 halafu akaliacha hivyo. Anayesema "thelathini na nne" tu, ataandika, na utashangaa sifuri imekwenda wapi.

Makumi thelathini na nne ni 340. Fungu moja likiongezwa ni makumi thelathini na tano, yaani 350. Hao ndio majirani wawili wa 347: nyuma yuko 340, mbele yuko 350. Nambari imekaa kati ya nyumba mbili na hakuna nyumba nyingine ya makumi kati yao. 330 haimo kabisa. Yule msichana wangu kama angekuwa amewataja majirani kwanza, 330 isingemjia akilini.

Mpe nambari kama kumi hivi ataje majirani tu, bila kuamua lolote. 62: majirani ni 60 na 70. 185: 180 na 190. 504: 500 na 510. 891: 890 na 900. Huyo 900 humsumbua mtoto mara ya kwanza, lakini akisema "makumi themanini na tisa, kisha makumi tisini" anajikuta amefika mwenyewe.

Hatua ya tatu: kamba ya nguo

Kwetu Umoja kamba za kuanikia ziko juu kabisa ya gorofa, karibu na matangi ya maji. Jioni nguo zikishatolewa, kamba zinabaki tupu, na hapo nimefundishia kukaribisha nambari vizuri kuliko darasa lolote. Kamba ya ndani ya nyumba, kutoka kitasa cha mlango hadi dirishani, inafaa vilevile.

Bana kadi ya 340 mwisho mmoja na ya 350 mwisho mwingine. Kabla ya kadi nyingine yoyote, muulize mtoto katikati kabisa ni ngapi. Aende ashike kamba pale anapodhani ni katikati. Ni 345. Ibane hapo, kwa kibanio cha rangi tofauti kama unacho.

Sasa mpe kadi ya 347 aitundike mahali pake. Mwache ahangaike. Nakumbuka mvulana mmoja alivyosimama mbele ya kamba, kadi mkononi, akapima kwa mashibiri yake kutoka 345 hadi 350, akarudi hatua, akatundika kadi kibanio kimoja zaidi kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hatua tatu kufika 350. Saba kurudi 340." Hakuna mtu aliyemwambia apande. Aliona safari ipi ni fupi.

Ukitaka mfano wa barabarani, mwambie matatu imeharibika Jogoo Road kati ya stegi mbili. Kila abiria atauliza jambo lilelile: stegi ipi iko karibu, ya nyuma au ya mbele? Anayejua katikati ni wapi anajua aende upande gani.

Fanyeni kwa kadi nyingi: 341, 349, 344, 346. Kisha badilisha kadi za miisho, 610 na 620, na nambari zake.

Hatua ya nne: ile ya katikati

Mtoto mwerevu atakuuliza kabla hujafika: "Na 345 yenyewe?" Mwambie ukweli. Kutoka 345 kwenda 340 ni hatua tano, kwenda 350 ni hatua tano. Hakuna aliye karibu zaidi. Kwa hivyo watu walikubaliana, na shuleni makubaliano ni kwamba iliyo katikati kabisa inakwenda kwa jirani wa mbele. Ni makubaliano kama yale ya kuendesha gari upande wa kushoto: yangeweza kuwa mengine, lakini tukiyafuata sote hatugongani.

Mzazi ajue pia kwamba makubaliano mengine yapo. Kuna kazi za sayansi na programu za kompyuta ambazo huipeleka nambari ya katikati kabisa kwa jirani ambaye makumi yake ni shufwa, yaani yanagawanyika kwa mbili: 345 inakwenda 340, kwa sababu makumi thelathini na nne ni shufwa. Mtoto wa Gredi ya Nne hahitaji hilo. Nalitaja kwa sababu mzazi akiwa na uhakika kwamba hili ni makubaliano tu, hatatunga sababu za uongo mtoto anapomuuliza kwa nini.

Kuna mpangilio mmoja unaowafurahisha: tarakimu za mamoja ziko kumi, kutoka 0 hadi 9. Tano za kwanza, yaani 0, 1, 2, 3 na 4, zinabaki kwa jirani wa nyuma. Tano za mwisho zinakwenda mbele. Zimegawana sawa.

Hatua ya tano: sasa kanuni inaruhusiwa

Baada ya kamba, mwandikie kwa ufupi, kwenye karatasi atakayoibandika ndani ya daftari:

1. Piga mstari wima baada ya nafasi uliyoulizwa. Kwa makumi: 34 | 7.
2. Tazama tarakimu moja tu, iliyo mara baada ya mstari.
3. Ikiwa ni 0 hadi 4, kushoto mwa mstari hakuguswi. Ikiwa ni 5 hadi 9, ongeza moja upande wa kushoto.
4. Jaza sifuri katika nafasi zote zilizo kulia mwa mstari.

Katika karatasi hiyo neno "shuka" halimo, nami nakuomba usilitumie kabisa. Nambari haishuki kwa kupunguza tarakimu. 342 inakwenda 340 kwa sababu yale makumi thelathini na nne yako palepale, ni mamoja mawili tu yaliyoachwa. Sema "inabaki" au "haiguswi".

Mamia na maelfu

Hapa hakuna jipya ila mstari umesogea. Kwa mia iliyo karibu, kidole kinafunika tarakimu mbili: 6 | 82. Mamia sita, jirani wa mbele mamia saba, katikati ni 650, na 682 imeshapita katikati, kwa hivyo 700. Kwa elfu, kidole kinafunika tatu: 7 | 418, katikati ni 7,500, haijafika, kwa hivyo 7,000. Mtoto atauliza kwa nini tunatazama tarakimu moja tu ilhali tumefunika tatu. Jibu liko kwenye kamba. Katikati ya 7,000 na 8,000 ni 7,500. Nambari yoyote ambayo mamia yake ni 4 au chini ya hapo haijafika katikati, hata ikiwa 7,499. Ambayo mamia yake ni 5 au zaidi imefika au imepita.

Kwenye maelfu kuna mtego wa lugha unaofaa kuangaliwa. Mtu akisema "elfu kumi na mbili", wengi wetu tunaandika 12,000. Lakini maneno hayohayo yanaweza kusomeka elfu kumi, na mbili juu yake, yaani 10,002. Ukimsomea mtoto swali kwa sauti, sema "kumi na mbili elfu" unapotaka 12,000, au mwandikie.

Sasa ndipo pesa ziingie. Mtoto wa Nairobi ameshajua soo ni mia na ngiri ni elfu kabla hajaingia darasani, tumia hilo. Mwekee noti tatu za mia, sarafu nne za shilingi kumi, na sarafu saba za shilingi moja kama unazo, mwulize angekuwa na makumi mangapi kama kila noti ingevunjwa kuwa sarafu za kumi. Akisema thelathini na nne bila kuvunja noti, vijiti vimefanya kazi yao.

Mahali wanapoteleza

Makosa yanayorudi kila mwaka si mengi, na karibu yote yanatokana na kuitazama tarakimu bila kujua iko nafasi gani.

La kwanza ni tisa. 397 kwa kumi lililo karibu: mtoto anaongeza moja kwenye tisa, anapata kumi, anakwama, halafu anaandika 3100 au 390. Mrudishe kwenye kidole. 39 | 7. Makumi thelathini na tisa, jirani wa mbele makumi arobaini. Makumi arobaini ni 400. Hakuna kubeba wala kukopa. Vivyo hivyo 2,961 kwa mia iliyo karibu: 29 | 61, mamia ishirini na tisa yanakuwa thelathini, yaani 3,000. Nao wakizoea, wape 9,996 kwa kumi lililo karibu, waone inavyofika 10,000.

La pili ni kukaribisha mara mbili. Unamwambia 347 kwa mia iliyo karibu. Anafikiri: 347 ni 350, na 350 inakwenda 400. Kila hatua peke yake ni sahihi, jibu si sahihi. Mpeleke kwenye kamba, 300 upande mmoja na 400 upande mwingine. 347 iko hatua 47 kutoka 300, na hatua 53 kutoka 400. Jibu ni 300. Mwambie nambari hukaribishwa mara moja tu kwa kila swali, kutoka nyumbani kwake. Hili hata watu wazima wanalikosea, tena kwenye hesabu za chama.

La tatu ni sifuri kama jirani. Muulize 4 kwa kumi lililo karibu. Atasema 10, kwa sababu sifuri anaiona kama hakuna kitu, na mtu hawezi kwenda pasipo na kitu. Lakini majirani wa 4 ni 0 na 10, na 0 iko karibu. Vilevile 38 kwa mia iliyo karibu ni 0. Kadi ya sifuri itundikwe kwenye kamba kama kadi nyingine yoyote.

Na kuna sifuri iliyo katikati ya nambari. 5,038 kwa mia iliyo karibu: 50 | 38, mamia hamsini, katikati ni 5,050, haijafika, jibu ni 5,000. Mtoto anapoona mamia yana sifuri na jibu nalo lina sifuri, hudhani hajafanya kitu, akaongeza chochote ili jibu lionekane limefanyiwa kazi. Mhakikishie kwamba kubaki nako ni jibu.

Nambari za hapa kwetu

Mazoezi ya kitabuni yanatosha kwa mtihani, lakini nambari halisi humfanya mtoto aulize maswali mazuri zaidi. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199. Mwache atafute kumi lililo karibu: 519 | 9, yaani 5,200. Kisha mia: 51 | 99, tena 5,200. Atadhani amekosea. Hajakosea, majirani wawili wamekutana nyumba moja. Kisha elfu: 5 | 199, yaani 5,000.

Kwa mtoto wa gredi za juu, mpe idadi ya watu wa Nairobi katika sensa ya 2019: 4,397,073. Kwa elfu iliyo karibu ni 4,397,000. Kwa laki iliyo karibu ni 4,400,000. Kwa milioni iliyo karibu ni 4,000,000. Yote matatu ni majibu sahihi. Lakini hilo la mwisho limeacha nje karibu watu laki nne. Muulize: kama wewe ndiye unayepanga maji ya jiji hili, ungetumia jibu lipi? Watoto wanajibu swali hilo kwa uzito sana, hasa wanaotoka mitaa ambayo mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki.

Kuchagua nafasi ni sehemu ya kazi yenyewe, na dukani inaonekana mara moja. Tuseme vitu vitatu ni shilingi 187, 143 na 128. Mtoto akikaribisha kwa makumi kichwani: 190, 140 na 130, jumla 460. Jumla kamili ni 458. Amekaribia sana. Akikaribisha kwa mamia: 200, 100 na 100, jumla 400. Akibeba mia nne, atafika kwa mwenye duka akiwa amepungukiwa na shilingi 58. Mpe mtoto zoezi hili kabla ya kumtuma, kisha mtume kweli, na risiti ailete nyumbani alinganishe na alichokadiria.

Kuna pia wakati ambapo jirani aliye karibu si jibu. Wanafunzi 43 wanasafiri kwa matatu za abiria 14. Matatu tatu zinabeba 42. Kamba itakuambia 43 iko karibu sana na 42, lakini huyo mmoja hatuwezi kumwacha kwenye lango la shule. Matatu ni nne.

Na kuna nambari zisizokaribishwa kabisa. Matatu ya 46 inakwenda Kawangware, haiwi 50. Githurai 44 na Githurai 45 ni mahali pawili, Thika Road ikipita katikati, na mtoto akizipeleka kwenye makumi yaliyo karibu moja itakuwa 40 na nyingine 50, naye atapotea. Nambari ya simu, nambari ya siri ya M-Pesa, nambari ya nyumba: hizo ni majina yaliyoandikwa kwa tarakimu. Mweleze mtoto tofauti hiyo mapema. Zinazokaribishwa ni zile zinazosema vitu ni vingapi au ni vikubwa kiasi gani.

Swali la kupima

Mtoto akikupa majibu kumi sahihi mfululizo, bado huenda anafuata karatasi tu. Geuza swali. Usimpe 347, mpe 350, umwulize: "Ni nambari gani nzima zote zinazokaribishwa na 350, tukienda kwa makumi?"

Mpe kadi tupu na muda wa kutosha. Yule msichana wa 330 nilimpa swali hili mwisho wa muhula, kulekule juu ya gorofa. Alibana 350 katikati ya kamba na kuanza kulia: 351, 352, 353, 354, akasimama. Akaja kushoto: 349, 348, 347, 346. Akaishika kadi ya 345 muda mrefu. Kisha akaibana. Akahesabu zote, ile ya 350 ikiwemo. "Ziko kumi, Mwalimu."

Nikamuuliza zinazokaribishwa na 300, tukienda kwa mamia. Hakuchukua kadi. "Zinaanza 250, zinaishia 349," akasema, na baada ya kimya kidogo, "basi ziko mia."

Mtoto wako akiongeza 355 kwenye orodha ya 350, kama wengi wanavyofanya, usimfutie. Mwambie aifunike tano kwa kidole, aseme kuna makumi mangapi, kisha amtaje jirani wa mbele. Makumi thelathini na tano, mbele yake thelathini na sita. Ataitoa kadi mwenyewe.